Karatasi Mbili za Mzee Feruzi

Bi Zuhura alizikwa siku ya Alhamisi baada ya swala ya adhuhuri, na mimi nilifika nyumbani kwake Chemchem, hapa Tabora, wanaume wakiwa wameshatoka makaburini, wananawa mikono uani. Nilivua viatu kizingitini, nikawapa pole waliokuwa karibu, nikaenda kukaa mkekani katika chumba cha mwisho upande wa kushoto, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na nafasi. Sikulia. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu, na watu wa Chemchem wameshanizoea hivyo. Nilikaa nikitazama kuta. Nyumba ile niliijua kabla haijasimama. Niliiandika mwenyewe kwenye karatasi ya daftari, kwa wino wa bluu: vyumba vitatu, ukumbi katikati, jiko nje, choo nyuma, chumba cha mwisho kushoto cha kupangisha. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Chumba cha kupangisha ndicho hicho nilichokuwa nimekaa, na hakijapata kupangishwa hata siku moja.

Kutoka jikoni nilisikia sauti ya Bi Milembe ikiuliza kama maji ya wali yamechemka. Yeye na Bi Zuhura walikuwa wake wa mume mmoja, na mume huyo alipokufa waliendelea kukaa pamoja humo ndani mpaka siku ile. Yeye ndiye aliyefiwa kuliko sisi wote, na yeye ndiye aliyekuwa anapika. Nilikuwa na neno la kumwambia, neno ambalo nimekaa nalo zaidi ya miaka arobaini. Nilikuwa nimekusudia kulisema wakiwa hai wote wawili. Kila Idi nilikuja, nikala, nikarudi nalo. Sasa amebaki mmoja, na mimi mwenyewe nimestaafu, na mtu akishastaafu hana tena kisingizio cha kwamba kazi zimemzidi.

Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi kwa Mzee Feruzi. Kabla ya hapo yeye alikuwa karani wa malipo relini. Kwa miaka mingi aliwaona wenzake wakitia dole gumba kwenye karatasi ya mwisho na kupokea kiinua mgongo chao, fungu ambalo wengi wao hawakuwahi kulishika maishani, kisha akawaona miezi minane baadaye wamekaa nje ya stesheni wakiuza sigara moja moja. Mmoja alinunua lori bovu. Mmoja alioa binti wa umri wa mjukuu wake, binti akaondoka na cherehani na kitanda. Mmoja hakununua kitu wala hakuoa. Hakujua tu kusema hapana, na ndugu zake walikuwa wengi. Basi Mzee Feruzi alipostaafu yeye mwenyewe, akafungua chumba cha mbele cha nyumba yake, akaweka meza yenye kitambaa cha mpira na benchi la kijani lililotoka stesheni, na watu waliokaribia kustaafu wakawa wanakuja kumwuliza wafanye nini. Walikuja wafanyakazi wa reli zaidi, lakini pia mpishi wa shule, dereva wa serikali, dresa wa hospitali. Hakuwa na leseni wala kibao mlangoni. Aliyeweza alimpa shilingi chache, asiyeweza alimletea karanga, au kuku, au chupa ya asali.

Hakuanza na fedha hata siku moja. Alikuwa na maswali matatu, na aliyauliza kwa mpangilio ule ule kama mtu anayesoma dua. Wangapi wanakula kwako? Utakuwa unaamkia wapi? Nani atakuzika? Mtu akicheka swali la tatu, alingoja amalize kucheka, akamwuliza tena. Nilimwona dereva mmoja, mtu mwenye kifua na sauti, akinyamaza kwenye swali hilo mpaka chai yake ikaingia utando. Alikuwa anakaa kota za reli na alidhani kwao ni hapo. Hakuwa amefikiri kwamba siku ya kukabidhi kofia ndiyo siku ya kukabidhi na ufunguo wa nyumba. Nilipostaafu mimi, miaka mingi baadaye, kwenye stoo ya hospitali, walinipa semina ya nusu siku na soda. Hakuna aliyeniuliza nani atanizika. Nilijiuliza mwenyewe nikiwa njiani kurudi nyumbani.

Mimi nilihitajika kwa sababu ya wake zao. Mzee Feruzi alikuwa amegundua kwamba mwanamume hajui wangapi wanakula kwake. Anajua wangapi anapenda wale. Mwenye hesabu ya kweli ni mkewe, na mkewe hawezi kuisema mbele ya mumewe na mwanamume mwingine mwenye kanzu. Kwa hiyo alikuwa na utaratibu wake. Mume alikaa barazani na Mzee Feruzi, na Mzee Feruzi aliandika. Saa hiyo hiyo mimi nilikuwa uani na mke, tukichambua mchele au kumenya maharage, kwa maana mikono ikiwa na kazi ulimi hauoni haya, na mimi niliandika. Nilikuwa na darasa la nane, mwandiko mzuri, na nilikuwa nimeachika mapema, jambo lililowafanya wanawake waniseme kwanza na kuniamini baadaye. Jioni wateja wakishaondoka tuliweka karatasi mbili mezani, yake na yangu, na kuzilinganisha. Hazikulingana kamwe. Mume alisema wanaokula ni wanne, mke alisema tisa. Mume alisema hana deni, mke alitaja maduka matatu. Kutokana na tofauti zile ndipo Mzee Feruzi alipotoa ushauri wake, na ushauri wake ulikuwa mzuri kwa sababu ulitoka kwenye ukweli ambao hakuna aliyelazimika kuusema mbele ya mwenzake.

Hizo zilikuwa siku za kuitana ndugu. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa akipita na baiskeli yake kila asubuhi, akisimama bila kushuka, mguu mmoja chini.

"Mzee Feruzi, bado unafundisha watu ubepari?"

"Nafundisha uzee, ndugu balozi. Uzee hauna chama."

"Taifa litawatunza wazee wake."

"Amina. Na wewe una miaka mingapi sasa?"

"Hamsini na mbili."

"Basi shuka kidogo tukuandike."

Balozi alicheka na kuondoka, lakini miezi miwili baadaye alikuja kweli, mchana, kupitia mlango wa uani.

Mzee Ramadhani alikuja mwanzoni mwa kiangazi, na mkewe Bi Zuhura nyuma yake akiwa na debe dogo la asali kichwani. Mzee Ramadhani alikuwa nyapara wa gengi, wale watu wanaotembea na reli kwa miguu wakikaza vyuma na kubadilisha mataruma, yale magogo yanayobeba reli. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa kati ya Tabora na Usinge, upande wa Kigoma. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, anayeongea akitazama chini kama vile bado anakagua njia. Bi Zuhura alikuwa mnene, mweupe wa meno, mwenye kucheka. Walikuwa na mabinti wawili walioolewa na mjukuu mmoja waliyemlea. Nilimchukua Bi Zuhura uani. Siku ile tulikuwa na ungo wa uyoga wa kukausha, tukawa tunautoa mchanga.

Alijibu swali la kwanza bila kusita. Yeye, mume, mjukuu, na mgeni mmoja, kwa kuwa kwake hakukosi mgeni. Nikaandika wanne. Kisha akaendelea kufuta uyoga, akasema kwa sauti ile ile ya kawaida, "Na wa Usinge watatu. Mke na watoto wawili. Lakini hao usiwaandike."

Nilisimamisha kalamu. Nikamwuliza kwa nini.

"Kwa sababu yeye hajui kama najua. Miaka tisa ananiletea asali. Namwuliza, baba, asali hii ya wapi? Ananiambia ya rafiki yake wa gengi. Basi mimi nakula asali ya rafiki yake."

"Bi Zuhura, Mzee Feruzi atawapangia vibaya."

"Ukiandika, binti, nitakuwa najua. Na nikiwa najua itabidi nikasirike. Nimeshafika umri huu, nimechoka kukasirika. Kuna kazi ya kuhamia, kuna kazi ya kujenga. Nikasirike saa ngapi?" Alicheka, akanirushia uyoga mmoja mapajani. "Huyo ana funza, mtupe."

Nikaifunga kalamu. Hapo ndipo ningependa kuandika kwamba nilimbishia, lakini sikumbishia zaidi ya sentensi ile moja. Nilimpenda. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sikuwahi kumwona mwanamke aliyeamua kutokasirika. Nilidhani ni hekima kubwa. Na kweli ilikuwa hekima, ila ilikuwa ya nyumba moja tu.

Jioni Mzee Feruzi aliweka karatasi yake mezani, nami nikaweka yangu kando yake. Wanne na wanne. Wataamkia Chemchem na Chemchem. Atakayemzika mume ni mke na wakwe zake, na mke alisema hivyo hivyo. Mzee Feruzi alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la kanzu, akaivaa tena.

"Tangu nianze kazi hii," alisema, "hii ndiyo mara ya kwanza karatasi zinalingana."

Alifungua lile debe la asali, akachota kijiko kimoja cha chai yake na kimoja cha yangu. Ilikuwa asali nyeusi ya miombo, yenye moshi kidogo, na tuliinywa mpaka ikaisha wiki kadhaa baadaye. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba asali ile ilitoka kwenye mizinga ya Bi Milembe wa Usinge. Yeye ndiye aliyetulipa ujira wa kumwacha nje.

Mpango tuliowatengenezea ulikuwa mzuri, na nausema bila kejeli. Sehemu kubwa ya kiinua mgongo ingejenga nyumba ya matofali ya udongo yenye mabati, vyumba viwili vya kukaa na kimoja cha kupangisha, ili kodi yake iwe ya mafuta ya taa, sabuni na kitoweo cha Bi Zuhura hata mume akitangulia. Sehemu ndogo ingenunua baiskeli na mbegu kwa ajili ya shamba la Kwihara, karanga na mihogo, kwa kuwa mtu aliyetembea maisha yake yote akikaa tu kitako hufa haraka. Hilo Mzee Feruzi aliliona mara nyingi. Pensheni ndogo ya kila mwezi ilikuwa ya unga. Hapakubaki kitu cha kuchezea. Mzee Feruzi alikuwa akisema fedha isiyo na kazi hupata kazi ya ndugu. Mzee Ramadhani alisikiliza yote akitazama sakafu, akauliza jambo moja tu, kama haiwezekani kuweka akiba kidogo pembeni. Ya nini, akaulizwa. Akasema, ya dharura tu. Mzee Feruzi alimtazama kwa muda, kisha akasema dharura nayo lazima iwe na jina. Mzee Ramadhani hakuitaja, na akiba haikuwekwa.

Miezi iliyofuata nilikwenda kiwanjani kwao mara kwa mara, kwa kuwa Bi Zuhura hakujua kusoma na alitaka mtu wa kumsomea risiti za fundi. Tulikaa juu ya rundo la matofali tukila matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na chai ya rangi yenye asali, tukitazama ukuta ukipanda. Mzee Ramadhani alikuwa akirudi kutoka Kwihara kwa baiskeli, vumbi la njia ile ya zamani ya misafara limemfika magotini, njia ambayo kwetu sisi ilikuwa njia ya shamba tu. Alikuwa ananawa, anakaa mbali kidogo na sisi, anakula kimya. Mara mbili alipanda treni ya Kigoma akisema anakwenda kuchukua vyombo vyake vya gengi. Bi Zuhura alimfungia chakula cha njiani, na mara ya pili nilimwona anafunga kingi kuliko cha mtu mmoja. Mpangaji alikwishapatikana, mhudumu wa hospitali, kijana msafi. Alilipa kodi ya miezi sita kabla ya bati la mwisho kupigiliwa, na kodi hiyo ikageuka milango.

Kisha habari za kuhamia vijijini zikafika upande wa Usinge. Tulizisikia kama tulivyosikia habari nyingine zote, redioni na kwa wasafiri: watu waliokaa mbalimbali msituni watakaa pamoja, kando ya barabara, kwa mistari. Wengi walihama wakapata viwanja na wakajenga. Aliyekuwa na mume wa kukata miti na kuezeka alijenga mapema. Aliyekuwa na mume wa kuja mara mbili kwa kiangazi alichelewa, na mvua haikuchelewa.

Bi Milembe alifika asubuhi na treni, akauliza kwa watu, akaletwa mpaka kiwanjani. Nilikuwepo. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini hivi, na watoto wawili wameshika kanga yake, na sanduku la bati, na debe la asali. Miguu yake yote ilikuwa tope kavu. Alipiga magoti kidogo kwa Bi Zuhura, akamwamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, dada."

"Mwangaluka," Bi Zuhura akajibu. Akautazama mzigo, akawatazama watoto, akatazama lile debe. Fundi aliacha kupigilia. "Kumbe wewe ndiye rafiki wa gengi," Bi Zuhura akasema.

"Sijaelewa, dada."

"Utaelewa. Watoto wamekula?"

"Tangu jana bado."

"Mwamvita," akaniita mimi, "koka moto."

Mzee Ramadhani alitoka Kwihara mchana akatukuta wote watano kwenye sufuria moja. Alisimama na baiskeli yake nje ya uzio, akashindwa kuingia na kushindwa kuondoka, mpaka Bi Zuhura akamwambia, "Ingia ule, baba. Dharura yako imefika na jina lake."

Siku ya pili yake, kabla hawajaja kwa Mzee Feruzi, mimi nilikwenda mapema. Nilimkuta amekwisha kutoa zile karatasi mbili kwenye faili, ameziweka mezani.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya uyoga. Bi Zuhura aliniambia nisiandike." Kisha, kwa kuwa alikuwa ameinamisha kichwa kwa namna ambayo si ya mtu anayeshangaa, nikamwuliza, "Na wewe, mzee?"

"Ramadhani aliniambia hapo hapo ulipokaa. Alinishika mkono. Alisema mkewe akijua atakufa." Akazigeuza karatasi kifudifudi. "Kila mmoja wetu amemfichia mwenzake kitu ambacho mwenzake anacho. Utaratibu huu niliutunga ili siri zisaidie watu. Sikufikiri kama mimi na wewe tutakuwa na siri."

Walipoingia, Bi Milembe alikaa chini mkekani ingawa benchi lilikuwa na nafasi. Mzee Feruzi alimwuliza maswali yake matatu, kwa upole kuliko nilivyowahi kumsikia. Wangapi wanakula kwako? Watatu. Unaamkia wapi? Nilikuwa naamkia Usinge. Nani atakuzika? Alifikiri, akasema, "Sijui. Nilidhani ni huyu," akamwonyesha Mzee Ramadhani kwa kidevu. Kisha Mzee Feruzi akamwuliza ana nini, na Bi Milembe akataja vitu vyake: majembe mawili, kinu, sanduku, na mizinga kumi na minane msituni, aliyoachiwa na wajomba zake, ambayo kila mwaka ilijaza madebe ya kuuza mpaka Kaliua. Mzee Feruzi aliiweka kalamu chini. Alielewa kabla yangu. Kama tungemwandika, nyumba ya Chemchem ingekuwa ya vyumba viwili tu, na fedha ya chumba cha tatu ingeezeka nyumba mpya kijijini Usinge, na mizinga kumi na minane ingewalisha wote saba kuliko kodi ya chumba chochote. Sasa nyumba ya Usinge haikuwepo, yeye mwenyewe hakuwepo huko, na mizinga isiyo na mwenyewe karibu haichukui muda mrefu kuwa ya watu.

"Mama," Mzee Feruzi akamwambia, "utusamehe. Hatukuwa na habari zako."

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na kalamu mkononi. Nilisikia. Sikusema neno.

Bi Milembe alimjibu, "Si kosa lenu, mzee. Mtu hawezi kumpangia asiyemjua."

Hayo ndiyo maneno niliyokaa nayo. Ule uongo wa uyoga naweza kuueleza, nilikuwa nimeombwa. Huu wa pili hakuna aliyeniomba. Ulisemwa mbele yangu, ukapokelewa kwa shukrani, na mimi nikauacha upite.

Mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Chumba cha tatu kilikuwa cha mpangaji, na fedha yake ilikwisha kuwa milango. Mzee Ramadhani alisema atamrudisha Milembe Usinge akakae kwa jirani mpaka kiangazi. Bi Zuhura alisema, "Na watoto wakohoe mpaka kiangazi?" Kesho yake alichukua cherehani yake, ile ya mkono aliyoshonea mabinti zake sare za shule, akaiuza kwa fundi mmoja mtaa wa pili, akamrudishia mhudumu wa hospitali kodi yake yote mkononi na kumwomba radhi. Sikumwona akikasirika. Nilimwona siku moja tu amekaa jikoni mikono imelala mapajani, haina kazi, na nikafahamu kwamba kodi ya chumba na cherehani ndivyo vilivyokuwa uzee wake, na vyote viwili vimekwenda ndani ya wiki moja. Ushauri wetu ulikuwa umemwahidi mafuta ya taa na sabuni mpaka kufa.

Mzee Feruzi aliendelea na kazi yake, lakini aliacha karatasi mbili. Tangu hapo mume na mke walikaa pamoja kwenye benchi la kijani na kujibu wote wawili. Wateja wakapungua. Watu wanaweza kuufikiria uzee wao, na wanaweza kuufikiria mbele ya mtu wasiyemjua, lakini mbele ya wenzao wa nyumbani ni shida. Mwisho wa mwaka hapakuwa na kazi ya kututosha wawili, nami nikapata nafasi kwenye stoo ya hospitali, ya kuhesabu mashuka na mablanketi, na huko nilikaa mpaka niliposema kwaheri. Nilikuwa na sifa ya ubishi. Daktari alikuwa akitaka niandike mashuka arobaini yakiwa thelathini na tisa, na mimi niliandika thelathini na tisa. Walidhani ni ugumu wa kichwa. Mzee Ramadhani alifariki kiangazi cha nne. Walimzika wake zake wawili na wakwe, na Bi Milembe alikuwa ameshatundika mizinga mipya Kwihara kwenye miti ya shamba, mitatu, kisha mitano. Haikufika kumi na minane. Wanawake wale waliishi kwa asali na karanga, wakigombana kuhusu chumvi, na Bi Zuhura alipopofuka Bi Milembe alikuwa akimshika mkono mpaka chooni.

Walipoanza kupakua, siku ile ya maziko, niliinuka nikaenda jikoni. Wasichana walikuwa wametoka na maji ya kunawa. Bi Milembe alikuwa ameinama juu ya sufuria na mwiko, kanga ya kichwa imemwangukia begani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kugeuka, nikamwambia nina neno.

"Sema. Masikio hayapakui."

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba siku ile kwa Mzee Feruzi, alipoambiwa hatukuwa na habari zake, tulikuwa nazo. Mimi nilikuwa nazo miezi mingi kabla, na nilisikia uongo ule nikanyamaza, na mizinga yake ilipotea kwa sababu hiyo.

Aliendelea kupakua. Sahani moja, ya pili.

"Zuhura aliniambia zamani," akasema. "Mwaka aliokufa mzee. Alisema yule binti wa Feruzi alitaka kuniandika, yeye akamnyang'anya kalamu, akaivunja. Alisema ulilia."

Ilikuwa rahisi sana kuuacha uongo ule. Aliyeutunga alikuwa amezikwa saa mbili zilizopita, na aliutunga kwa ajili yangu.

"Hakuninyang'anya," nikasema. "Wala sikulia. Aliniambia usiandike, nikaifunga kalamu."

Bi Milembe alinyanyuka, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa moshi na kwa siku mbili za kukesha.

"Asali uliila?"

"Niliila."

"Ikoje?"

"Ilikuwa nzuri."

Akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu anayepokea chenji iliyo sawa. "Zuhura alikuwa mwongo mzuri," akasema. "Tutamkosa." Akachukua sinia, akanigeuzia mgongo. "Huko chumbani kwangu ulikokaa, wako wangapi?"

Nilikwenda mpaka mlango wa chumba nikachungulia, nikawahesabu waliokaa mkekani, nikarudi. "Sita," nikasema.

"Umejihesabu?"

Nikahesabu tena. "Saba."

Akapakua saba.